La Haine: nani ana mama, nani ana bastola

Karibu kila anayeisifu filamu ya Kifaransa La Haine, yaani Chuki, huanza kwa kuhesabu: Mweusi mmoja, Mwarabu mmoja, Myahudi mmoja. Hubert, Saïd, Vinz. Hesabu ikishatimia, filamu inapewa cheti chake cha uwakilishi na mazungumzo yanahamia kwenye muziki. Lakini kuwaingiza watatu kwenye picha moja ni kazi nyepesi, hata tangazo la soda hulimudu. Ugumu uko kwenye mgawo. Nani kapewa mama na meza ya kulia? Nani kapewa bastola? Nani anakabwa na polisi na nani anaponyoka? Nani anakufa mbele ya macho yetu? Ukiuliza hivyo, filamu hii ya Mathieu Kassovitz, iliyoingia kwenye majumba ya sinema ya Ufaransa Mei 31, 1995, inakuwa ngumu zaidi, na nzuri zaidi, kuliko sifa zake.

Kwa ambaye hajaitazama, kisa ni kifupi. Ni siku moja tu, tangu saa nne na dakika 38 asubuhi hadi saa kumi na mbili na dakika moja alfajiri inayofuata, na saa inaandikwa kwenye skrini kila baada ya kitambo. Usiku uliotangulia kulikuwa na vurugu kwenye mtaa wa maghorofa ya umma nje ya Paris, baada ya kijana Abdel Ichaha kupigwa na polisi hadi akalazwa mahututi. Katika vurugu hizo askari mmoja alipoteza bastola yake. Vinz kaiokota, na ameapa kwamba Abdel akifa, yeye ataua polisi. Hubert hataki kusikia habari hiyo. Saïd yuko katikati yao, anaongea.

Mtaa wenyewe ni la Noé, Chanteloup-les-Vignes, kaskazini-magharibi mwa Paris. Halmashauri nyingine zilikataa kuwapokea watengenezaji, na filamu ilikuwa na jina la muda, Droit de cité, maneno yenye maana mbili kwa wakati mmoja: haki ya kuwa raia, na neno lilelile cité ambalo Wafaransa hulitumia kwa mitaa ya maghorofa kama huo. Wakazi wengi waliingia mbele ya kamera. Ukiona vijana wamekaa juu ya paa wakichoma soseji, usidhani wote ni waigizaji waliotoka mjini.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo wapenzi wengi wa filamu hii hulipita mbio. Aprili 6, 1993, kijana wa miaka 17 mwenye asili ya Zaire, Makomé M'Bowolé, aliuawa kwa risasi ya kichwa ndani ya kituo cha polisi cha Grandes-Carrières, wilaya ya 18 ya Paris, akiwa anahojiwa. Askari aliyefyatua alijitetea kwamba alitaka kumtisha tu. Mwaka 1996 alihukumiwa kifungo cha miaka 8. Kassovitz amesema alianza kuandika La Haine siku ileile ya mauaji. Kwa hiyo mbegu ya filamu ni mtoto wa Kikongo, na tukilisahau hilo tunaisoma bila ukurasa wake wa kwanza. Nyuma ya Makomé kuna Malik Oussekine, mwanafunzi wa miaka 22 aliyepigwa na polisi wa pikipiki hadi kufa Desemba 1986. Picha za maandamano ya miaka hiyo ndizo zinazofungua filamu, chini ya sauti ya Bob Marley.

Hapa itabidi mwisho usemwe, kwa hiyo anayetaka kuutazama akiwa hajui aishie hapa. Askari anamshika Vinz, anamwekea bastola kichwani kwa kejeli, na bastola inafyatuka. Ni kifo cha Makomé karibu hatua kwa hatua: silaha iliyokusudiwa kutisha, kichwa, kisha mshangao wa aliyeishika. Ila aliyekufa kwenye skrini hatoki Kinshasa wala Algiers. Ni Vincent Cassel, kijana mweupe anayeigiza Myahudi.

Je, huo ni wizi au ni ufundi? Utetezi wake una uzito. Mtazamaji mweupe wa Ufaransa ya 1995, akimwona Mwafrika anauawa na polisi, alikuwa na mlango wa kutokea: mambo yao hayo, watu wa vitongojini na wahamiaji. Kifo cha Vinz kiliufunga mlango huo. Halafu Kassovitz mwenyewe, ambaye baba yake, Peter, ni Myahudi aliyezaliwa Budapest, hakuliokota suala la Uyahudi njiani ili kujaza nafasi. Lakini utetezi ukikubalika, gharama inabaki palepale. Sura ya Mwafrika aliyeuawa imetoweka kwenye filamu iliyozaliwa na mauaji yake. Abdel, mhanga wa pili, tunamwona kwa muda mfupi tu kwenye picha ya televisheni.

Tuangalie basi Hubert kapewa nini badala ya kifo. Kapewa karibu kila kinachomfanya mtu awe mzito: ukumbi wa ndondi alioupigania na ambao wenzake wameuchoma, mama anayeshona nguo, dada mdogo mwenye madaftari, kaka aliye gerezani, bili ya gesi ya kulipa kwa pesa ya bangi. Ndiye anayetaka kuhama. Ndiye mwenye sauti inayosimulia kisa cha mtu anayeanguka kutoka jengo la ghorofa hamsini huku akijituliza kwamba mpaka sasa mambo ni shwari. Na dakika ya mwisho, yeye aliyehubiri siku nzima kwamba chuki huzaa chuki, ndiye anabaki ameinua bastola mbele ya askari. Mwafrika hakupewa kifo; kapewa uamuzi. Kwa filamu ya wakati ule hilo ni jambo kubwa, na Hubert Koundé, mwigizaji mwenye asili ya Benin, analibeba bila kupandisha sauti.

Ukitaka kuifanyia filamu hii kazi ya maana, iwe ni darasa au klabu ya filamu, itazame mara mbili. Mara ya kwanza usiisimamishe. Mara ya pili kaa na karatasi yenye safu tano: nyumba, mzazi, silaha, mkono wa polisi, na nani ana neno la mwisho katika kila onyesho. Safu ya kushoto kabisa andika ile saa inayoonekana kwenye skrini, usiandike dakika ya kichezeshi. Sababu ni ya kiufundi. Filamu ya sinema hukimbia fremu 24 kwa sekunde, ila diski za mfumo wa PAL uliotumika Ulaya na Afrika Mashariki huikimbiza kwa fremu 25, kwa hiyo dakika 98 hushuka hadi 94 hivi. Watu wawili wenye nakala tofauti wakijadiliana kwa dakika za kichezeshi watagombana bure.

Kosa la kwanza ambalo karatasi hiyo italisahihisha ni kuhesabu maneno. Saïd, anayeigizwa na Saïd Taghmaoui, anaongea mfululizo. Anachekesha, anadai deni, anagombea nywele zake baada ya Vinz kuzinyoa ovyo. Mwenye kuhesabu mistari ya mazungumzo atatangaza kwamba Mwarabu kapewa haki yake. Geukia safu ya nyumba: tupu. Nyumbani kwa Vinz tunaingia, bibi yake analalamika kwamba mtu huanza kwa kuchoma shule na huishia kutoingia sinagogi. Nyumbani kwa Hubert tunaingia, chakula kinanukia. Kwa Saïd hatufiki hata mlangoni. Kaka yake, Nordine, yupo nje tu, dada yake ni wa kupita, na mama hayupo. Anayeongea kuliko wote ndiye tusiyemjua.

Hesabu za aina hii si mchezo wa wahakiki tu. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1978 inabana vikali ukusanyaji wa takwimu za rangi na asili, na mwaka 2007 Baraza la Katiba lilizuia jaribio la kuulegeza mlango huo. Mamlaka ya utangazaji ilipoanza kupima uwakilishi kwenye televisheni mwaka 2009, ilibidi ihesabu watu kwa jinsi wanavyoonekana kwa mtazamaji. Ni macho, basi. Na macho bila safu za karatasi huona wingi, hayaoni mgawo.

Safu ya polisi ndiyo iliyosukwa kwa akili kuliko zote. Wakiwa Paris, watatu wanatoka kwenye jengo la mdeni mmoja na kukuta askari. Vinz, mwenye bastola kiunoni, anakimbia na kuponyoka. Wanaokamatwa ni Mwarabu na Mweusi, ambao hawana silaha. Onyesho linalofuata linafanyika kwenye chumba kimoja: askari wawili wa nguo za kiraia wanawakaba, wanawatukana kwa rangi na asili, na wanamfundisha kijana mgeni wa kazi namna ya kufanya na pale pa kuishia. Utaratibu wake unatisha kuliko makofi yenyewe, kwa sababu unaonyeshwa kama somo. Mmoja wa hao wanaotesa anaigizwa na Zinedine Soualem, mwigizaji mwenye asili ya Algeria. Tena mapema siku hiyo tulishamwona Samir, polisi mwenye asili ya Kiarabu, akimtoa Saïd kituoni kwa upole. Mtazamaji anayeamini kwamba dawa ni kuajiri polisi wa rangi zote anapewa picha mbili zinazovutana, na filamu haimwambii achague ipi.

Mwandishi angeweza kuliweka onyesho la kituo kwa njia nyingine, Vinz naye akamatwe, watatu wateseke sawa. Usawa huo ungekuwa uongo.

Majina yao nayo yana mpango. Waigizaji wanatumia majina yao halisi, na kila mmoja anaingia kwenye filamu jina lake likiwa limeandikwa ndani ya picha: la Saïd kwa rangi ya kupuliza nyuma ya gari la polisi, la Vinz kwenye pete ya vidole, la Hubert kwenye bango la ndondi. Mmoja kajiandika ukutani mwa dola, mwingine kajiandika mwilini, wa tatu kaandikwa na wengine kwa kazi aliyoifanya. Ukiwa unafundisha, anzia hapo. Ni sekunde chache tu, na wanafunzi huzikumbuka.

Upigaji picha una hoja yake pia, na ndiyo inayoitofautisha na filamu nyingi za mtaani zilizofuata. Desturi ni kuupiga mtaa wa maskini kwa kamera ya mkononi inayotetemeka, kama habari za saa mbili usiku. Kassovitz na mpiga picha wake, Pierre Aïm, walifanya kinyume. Mtaani walitumia lenzi pana na kamera inayoteleza, ukuta wa nyuma unaonekana wazi kama uso wa mbele, na sauti inajaa pande zote. Wakifika Paris lenzi zinakuwa ndefu, mandhari ya nyuma yanafifia, kamera inashikwa mkononi, sauti inabanwa. Mpaka wenyewe unavukwa kwa hila moja ya kamera: inasogezwa huku lenzi ikivutwa upande wa pili, watu wakabaki na ukubwa uleule ilhali mji ulio nyuma yao unabadilika umbo. Maana yake ni kwamba mtaani vijana hawa ni sehemu ya mahali, mjini wamebandikwa. Anayeitazama kwenye simu kwa spika moja hukosa nusu ya jambo hili, kwa hiyo vaa vipokea sauti vya masikioni, angalau kwenye mpito huo.

Weusi na weupe wa picha una matokeo ambayo hayasemwi sana. Filamu ilipigwa kwenye mkanda wa rangi kisha ikasafishwa bila rangi. Vitongoji vikapata hadhi ambayo televisheni haikuwahi kuvipa. Ila tazama nyuso: rangi ikiondolewa, Saïd na Vinz wanakaribiana sana, unaweza kuwachanganya kwa mbali. Hubert hachanganyiki na mtu. Utatu ule wa usawa, machoni, unakuwa wawili na mmoja.

Tuje kwenye lugha, mahali ambapo msomaji wa Kiswahili ana faida asiyoijua. Vijana hawa wanasema verlan, Kifaransa cha kupindua silabi. Flic, yaani polisi, inageuka keuf. Femme inageuka meuf. Arabe imegeuka beur, na hapo ndipo ulipotoka msemo wa black-blanc-beur, Mweusi, mweupe na mtoto wa Waarabu wa Maghreb, ulioiga rangi tatu za bendera na kuvuma zaidi timu ya Zidane ilipotwaa Kombe la Dunia Julai 1998. Mzungumzaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa sana, kwa sababu Kinyume cha wazee wetu ni mchezo uleule: silabi ya mwisho inapelekwa mbele, nyumba ikawa mbanyu. Tofauti ni kwamba Kinyume kilikuwa cha kufichana siri, na verlan imekuwa kitambulisho. Anayeitumia hajali kama umeelewa, anataka ujue anatoka wapi.

Kwa hiyo anayeandika tafsiri ya chini ya skrini kwa Kiswahili asiandike „polisi“ kila inaposikika keuf. Nairobi kuna karao, Dar es Salaam kuna njagu. Achague mji mmoja na abaki nao tangu mwanzo hadi mwisho, maana kuchanganya kunawafanya vijana watatu wa mtaa mmoja waonekane wametoka nchi tatu. Matusi ya mama yasitafsiriwe yote kwa uzito wake wa Kiswahili. Kwa Kifaransa cha mtaani mengi yao ni kituo cha kupumulia tu, ilhali kwetu tusi la mama linaweza kuvunja undugu. Hifadhi tusi zito kwa pale ambapo kweli kuna ugomvi.

Watafsiri wa Kiingereza walikosea kwa upande mwingine: waliiondoa Ufaransa. Mdeni wa Saïd anaitwa Astérix, jina la shujaa wa katuni anayejulikana kwa kila mtoto wa Kifaransa, yule mtu mfupi wa Gaul, Ufaransa ya kale, anayewapinga Warumi. Kwenye nakala ya Kiingereza akawa Snoopy, mbwa wa katuni za Kimarekani. Kicheko kimebaki, kejeli imekufa, kwa sababu kumpa jina la babu wa taifa mwendawazimu mwenye bastola ni utani kuhusu nani ni Mfaransa.

Onyesho jingine limepotea vivyo hivyo. Waandishi wa televisheni wanafika mtaani, wanabaki ndani ya gari na kuwauliza vijana kutoka dirishani kama walishiriki vurugu. Hubert anawajibu kwamba hapa si Thoiry. Thoiry ni bustani ya wanyama katika mkoa uleule wa Yvelines, mahali ambapo watu hupita na magari yao katikati ya wanyama bila kushuka. Neno „zoo“ halitoshi hapo, kwa sababu zoo mtu hutembea kwa miguu. Kwa Kiswahili jibu liko mlangoni: „Hapa si Serengeti.“ Kila aliyewahi kuona gari la watalii lililofunguliwa paa, kamera zimechomoza, atalipata tusi lote kwa maneno matatu.

Kuhusu wanawake, hakuna pa kujificha. Bibi, shangazi, mama anayeshona, madada wanaotumwa nyumbani, na wasichana wawili kwenye maonyesho ya sanaa ambao wapo ili watongozwe vibaya. Hakuna hata mmoja mwenye onyesho lake mwenyewe. Wengine husema hiyo ndiyo hali halisi ya barabarani, na kwamba filamu inafuata vijana wa kiume kwa siku moja. Jibu hilo lingefaa kama kamera isingeingia majumbani, lakini iliingia, mara mbili, na ikatoka haraka. Ilibidi kungoja hadi 2014 Céline Sciamma alipotoa Bande de filles, yenye wasichana weusi wa vitongoji katikati ya picha, na 2016 Houda Benyamina alipotwaa Caméra d'Or, tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji, kwenye tamasha la Cannes kwa Divines.

Wala La Haine haikufungua njia peke yake, ingawa tuzo ya mwongozaji bora ya Cannes na César ya filamu bora ziliifanya ionekane hivyo. Mehdi Charef, mzaliwa wa Algeria, alishapiga maisha ya maghorofa hayo mwaka 1985 katika Le Thé au harem d'Archimède. Malik Chibane alitoa Hexagone mwaka 1994 kwa fedha kiduchu. Hao walikuwa wakisimulia kwao. Kassovitz na Cassel ni watoto wa watu wa sinema, na mlango uliokuwa mzito kwa Chibane haukuwa mzito hivyo kwao. Ladj Ly wa Montfermeil, mwenye wazazi kutoka Mali, alipopata tuzo ya majaji wa Cannes mwaka 2019 kwa Les Misérables, ndipo filamu ya mtaani iliyopigwa na mtu wa mtaani ilipopewa kiti cha mbele. Ukipanga programu ya jioni tatu, weka Charef, Kassovitz na Ly kwa mfuatano huo, na weka mjadala baada ya ya pili, si baada ya ya tatu, watu wakiwa bado hawajapewa jibu.

Na katika ile mara ya pili ya kutazama, utakapofika sekunde za mwisho, karatasi iweke chini. Filamu ilifunguliwa kwa macho ya Saïd yakifumbuliwa mbele ya safu ya polisi. Sasa Vinz yuko chini, Hubert na askari wameelekezeana bastola, na kamera inawaacha wote wawili. Inamwendea Saïd usoni, inasogea, anafumba macho, risasi inalia. Ambaye hakupewa nyumba, mama wala bastola ndiye tuliyeangalia kila kitu kupitia kwake, na kwenye safu zile tano hakuna pa kuliandika hilo.